Jon Postel: mtu aliyetunza daftari la intaneti

Kuna swali moja ambalo halikosi kuja studioni kwetu. Msikilizaji amenunua umeme kwa simu, kijiduara kimezunguka kwenye kioo, mtandao umekata, na sasa hajui kama pesa imekwenda au haijakwenda. Abonyeze tena? Huenda akakatwa mara mbili. Asubiri? Huenda akalala gizani.

Ukidhani swali hilo limeletwa na simu janja, utashangaa. Lina umri wa zaidi ya miaka 50. Wataalamu wa kompyuta walianza kulijadili kwa maandishi mwaka 1974 na 1975, wakati ambapo kompyuta moja ilijaza chumba na simu ya mfukoni haikuwepo. Mmoja wa walioanzisha mjadala huo ni Mmarekani Jonathan Postel, ambaye wenzake walimwita Jon. Alifariki mwaka 1998, lakini kazi ya mikono yake inatumika kila unapoangalia salio, unapotuma ujumbe au unapofungua ukurasa huu. Leo tunasimulia maisha yake, na kwa njia hiyo tutaeleza nini hasa hutokea unapobonyeza kitufe cha kulipa.

Simu yako haina daftari

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalifahamu. Programu iliyo kwenye simu yako haijui salio lako. Haina daftari la pesa wala haiwezi kutengeneza tokeni ya umeme. Daftari liko kwenye kompyuta kubwa iliyo mbali, inayoitwa seva. Programu ya simu ni mteja tu, anayeomba.

Ukibonyeza, simu inaandaa kitu kama barua fupi. Ndani yake inaandika jina la kazi inayotaka ifanyike, kwa mfano kununua umeme, na vitu ambavyo kazi hiyo inavihitaji: namba ya mita na kiasi cha pesa. Barua inasafiri hadi kwenye seva. Seva inaisoma, inafanya kazi iliyotajwa, kisha inarudisha jibu. Wewe unaona kana kwamba kazi imefanyika ndani ya simu, kumbe imefanyika mbali sana. Utaratibu huu tunaweza kuuita kuita kazi kwa mbali.

Ni kama kumtuma mtoto dukani na karatasi. Umeandika kitu unachotaka na kiasi chake, ukampa na pesa. Mwenye duka anasoma, anapima sukari, anamrudisha mtoto na mzigo na chenji. Ili jambo hilo lifanikiwe, vitu vinne vinahitajika. Mtoto ajue njia ya kufika dukani. Akifika ajue mlango wa kuingilia. Karatasi iandikwe kwa lugha ambayo mwenye duka anaielewa. Na mtoto arudi. Katika safari ya simu yako, Jon Postel alitia mkono wake kwenye vyote vinne.

Kijana wa Van Nuys

Jonathan Bruce Postel alizaliwa tarehe 6 Agosti 1943 huko Altadena, jimbo la California, Marekani. Alisoma sekondari ya Van Nuys, jijini Los Angeles. Shule hiyo ilitoa pia vijana wengine wawili ambao baadaye walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa intaneti, Vint Cerf na Steve Crocker.

Postel aliendelea na Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1966, ya pili 1968, na ya udaktari katika sayansi ya kompyuta mwaka 1974. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa mmoja wa wanafunzi waliofanya kazi chini ya Profesa Leonard Kleinrock, kwenye kituo kilichopima mwenendo wa mtandao mpya uitwao ARPANET. Mtandao huo, uliogharamiwa na wizara ya ulinzi ya Marekani, ndio uliozaa intaneti.

Tarehe 29 Oktoba 1969, chuo hicho kilijaribu kwa mara ya kwanza kutuma neno kwa kompyuta ya Taasisi ya Utafiti ya Stanford, SRI, mamia ya kilomita kaskazini. Herufi mbili zilifika, kisha kompyuta ya upande wa pili ikazimika. Baadaye siku hiyohiyo walijaribu tena wakafanikiwa. Kwa hiyo mtandao kukata katikati ya kazi si ugonjwa wa kijijini kwetu. Ulikuwepo tangu siku ya kwanza.

Daftari la namba

Vijana wale hawakuwa na bosi wa kuwaamuru kompyuta ziongee vipi. Wakakubaliana kuandikiana nyaraka fupi, kila mmoja akitoa pendekezo na wenzake wakilijadili. Steve Crocker aliandika ya kwanza mwezi Aprili 1969 na kuziita maombi ya maoni. Kwa Kiingereza zinajulikana kwa herufi RFC. Postel akawa mhariri wake, na aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki, karibu miaka 30 baadaye. Alisoma kila waraka, akakataa uliokuwa na vurugu, akarekebisha lugha, akaupa namba. Nyaraka hizo ziliachwa wazi ili mtu yeyote azisome bure. Mtu wa nchi yoyote angeweza kutengeneza kompyuta inayoelewana na nyingine bila kuomba ruhusa wala kulipa.

Kazi yake ya pili ilikuwa ya namba. Kompyuta moja inaweza kutoa huduma nyingi kwa wakati mmoja: barua, mafaili, kurasa. Barua inapofika, kompyuta itajuaje ni ya huduma ipi? Jibu ni kuipa kila huduma namba yake, kama namba ya mlango kwenye jengo lenye ofisi nyingi. Lakini watu wawili wakichagua namba ileile kwa huduma tofauti, barua zitaingia mlango usio wake. Mwezi Mei 1972 Postel aliandika kupendekeza awepo mtu mmoja wa kugawa namba hizo, na akajitaja mwenyewe kuwa anaweza kuifanya kazi hiyo.

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa ofisi iliyokuja kuitwa IANA, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa Postel na wasaidizi wachache. Aliyefanya naye kazi kwa karibu zaidi ni Joyce Reynolds. Orodha yao ya mwaka 1992 ilionyesha mlango namba 80 kuwa wa kurasa za wavuti, na ile ya 1994 ikaonyesha mlango namba 443 kuwa wa kurasa zenye ulinzi. Kwa kawaida programu ya malipo inapoita seva yake leo, inabisha hodi mlango huo wa 443.

Waraka wa mwaka 1974

Sasa tufike kwenye kiini cha mada yetu. Baada ya kupata udaktari, Postel alifanya kazi SRI, kwenye kituo cha Doug Engelbart, mtu aliyebuni kipanya cha kompyuta. Huko alifanya kazi na James White. Wawili hao waliona tatizo. Huduma nyingi za mtandao zilitengenezwa kwa ajili ya binadamu aliyekaa mbele ya mashine, akiandika amri na kusoma majibu kwa macho. Programu ikitaka kutumia huduma iliyo kwenye kompyuta nyingine, ililazimika kujifanya binadamu. Na kila huduma ilikuwa na lugha yake.

Mwezi Desemba 1974 walitoa waraka namba 674. Walipendekeza njia moja ambayo programu ya kompyuta hii ingeita kazi iliyo kwenye kompyuta ile, kama inavyoita kazi zake yenyewe za ndani: taja jina la kazi, toa vinavyohitajika, pokea jibu. Wakapendekeza pia namna moja ya kuandika namba na maneno, ili kompyuta za aina tofauti zielewane. Ni wazo lilelile linalobeba malipo ya simu leo.

Miezi minne baadaye, Aprili 1975, mtaalamu mwingine, Richard Schantz, alijibu kwa waraka namba 684. Alitahadharisha kwamba kuita kazi ya mbali hakufanani kabisa na kuita kazi ya ndani. Kazi ya ndani ni ya haraka. Ya mbali inachelewa. Na zaidi ya yote, katika kazi ya ndani mashine ikizimika, kila kitu kinasimama pamoja. Katika kazi ya mbali, upande mmoja unaweza kufa huku mwingine ukiwa mzima, ukingoja jibu ambalo halitakuja.

Msikilizaji, hapo ndipo ulipo wewe na kijiduara chako. Jibu lisipofika, simu haiwezi kujua ni lipi kati ya mambo matatu limetokea. Huenda ombi halikufika kabisa. Huenda lilifika, lakini seva ikaanguka kabla ya kumaliza. Au kazi imekamilika, pesa imekatwa, na jibu ndilo lililopotea njiani. Ukiwa upande wa simu, yote matatu yanaonekana sawasawa.

Postel hakuuficha waraka wa Schantz. Kama mhariri aliuweka kwenye orodha ileile, baada ya wa kwake, ili kila mtu asome pande zote mbili. White aliendelea na wazo hilo na kulieleza upya mwaka 1976. Mwaka 1984 Andrew Birrell na Bruce Nelson wa kampuni ya Xerox walichapisha maelezo ya mfumo kamili uliofanya kazi, na kutoka hapo utaratibu huo ukaenea.

Wahandisi walipataje dawa ya lile swali? Dawa iliyozoeleka ni kulipa kila ombi namba yake ya pekee kabla halijatumwa. Jibu lisiporudi, programu inatuma tena ombi lilelile lenye namba ileile. Seva inapolipokea inaangalia daftari lake: namba hii nimeshaifanyia kazi? Kama ndiyo, haikati pesa tena, inarudisha jibu la mwanzo tu. Kama sivyo, inafanya kazi sasa. Programu iliyotengenezwa vizuri inafanya hivyo bila wewe kuona. Lakini ukianza malipo upya kwa mkono wako, mara nyingi namba inakuwa mpya, na seva inaweza kuyaona ni malipo mengine kabisa. Ndiyo maana unashauriwa kuangalia kwanza salio au orodha ya miamala kabla ya kurudia.

Bahasha kufika si kazi kufanyika

Mwaka 1977 Postel alihamia Taasisi ya Sayansi ya Habari ya Chuo Kikuu cha Southern California, huko Marina del Rey, na hakuondoka tena. Hapo ndipo alipofanya kazi iliyompa jina. Alihariri nyaraka zinazoeleza jinsi intaneti inavyobeba data. Mwezi Septemba 1981 zilitoka zile zinazoeleza IP na TCP. Mwaka 1982 ukatoka waraka alioandika kuhusu namna barua pepe inavyosafirishwa. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa ARPANET uliacha utaratibu wake wa zamani na kuhamia TCP na IP, kwa kufuata mpango ambao Postel alikuwa ameuandika.

IP ni kazi ya kupeleka vifurushi kwenye anwani. TCP inahesabu vifurushi hivyo; kimoja kikipotea kinatumwa tena, vikifika vimechanganyika vinapangwa upya. Lakini hata TCP haimalizi swali letu. Inaweza kuthibitisha kwamba bahasha imefika kwa mashine ya upande wa pili. Haiwezi kuthibitisha kwamba aliyeipokea ameifungua na kuandika kwenye daftari. Uthibitisho huo lazima utoke kwa seva yenyewe, kama risiti inavyotoka kwa mwenye duka na si kwa mwenye bodaboda.

Katika nyaraka hizo Postel aliweka pia kanuni iliyobeba jina lake. Unapotuma, fuata taratibu kwa ukali. Unapopokea, mvumilie mwenzako aliyekosea kidogo, mradi unaelewa anachotaka. Kanuni hiyo ilisaidia sana mwanzoni, wakati kompyuta za watengenezaji tofauti zilikuwa zikijaribu kuelewana. Miaka ya baadaye wahandisi wengine wameipinga, wakisema ukivumilia makosa sana yanaota mizizi na yanawapa nafasi wahalifu. Mjadala huo haujaisha.

Majina ya nchi zetu

Namba za anwani ni ngumu kukumbuka. Mwaka 1983, mwenzake katika taasisi hiyohiyo, Paul Mockapetris, alibuni mfumo wa majina baada ya Postel kumpa kazi ya kutafuta suluhisho. Kwa mfumo huo simu yako inapeleka jina na kurudishiwa namba. Hilo nalo ni ombi na jibu, na kwa kawaida hutangulia mengine yote.

Ilipofika zamu ya nchi kupata majina yao, kulikuwa na mtego: nani aamue nchi ni ipi na ipi si nchi? Postel alikataa kujiingiza. Alichukua orodha ya herufi mbilimbili iliyokwisha kutengenezwa na shirika la kimataifa la viwango, akaifuata. Ndiyo maana tovuti za Kenya huishia na .ke na za Tanzania na .tz. Jina la .ke liliingizwa mwaka 1993, na .tz mwaka 1995, wakati daftari likiwa bado mikononi mwake. Mwaka 1994 aliandika kwamba anayekabidhiwa jina la nchi ni mdhamini tu. Analishika kwa niaba ya watu wa nchi ile na ya watumiaji wote wa mtandao duniani, si mali yake.

Siku ile ya Januari

Kufikia hapo intaneti ilikuwa imeingia pesa. Kampuni ya Network Solutions, kwa mkataba na serikali ya Marekani, ilisajili majina, na kuanzia mwaka 1995 ilitoza dola 100 kwa miaka miwili. Mabishano yakaanza: nani hasa mwenye intaneti?

Orodha kuu ya majina yote ilikaa kwenye seva 13 zinazoitwa seva za mzizi. Moja, iliyokuwa kwa Network Solutions, ilikuwa ndiyo ya asili. Zile 12 zilinakili kutoka kwake. Tarehe 28 Januari 1998 Postel aliwaandikia barua pepe waendeshaji wa seva nane zisizo za serikali, akiwaomba wanakili kutoka kwenye mashine ya taasisi yake badala ya ile ya kampuni. Wote wanane wakafanya hivyo. Hakuwa na jeshi wala amri ya mahakama. Walimwamini tu.

Orodha haikubadilika hata herufi moja, na watumiaji hawakuona tofauti yoyote. Lakini Washington walishtuka. Ira Magaziner, mshauri wa Rais Bill Clinton, aliingilia kati. Postel alieleza kwamba lilikuwa jaribio, na seva zikarudishwa zilivyokuwa. Wako waliomlaumu kwa kuchezea kitu ambacho dunia nzima inakitegemea. Wako waliosema alionyesha kwamba intaneti haikuwa ya kampuni moja. Walichokubaliana wote ni kwamba daftari la dunia halingeweza kuendelea kukaa mikononi mwa mtu mmoja, hata awe mwaminifu kiasi gani.

Postel mwenyewe alishiriki kujenga chombo cha kulipokea. Tarehe 30 Septemba 1998 shirika lisilo la faida liitwalo ICANN liliandikishwa California. Alitarajiwa kuwa mkuu wake wa masuala ya kiufundi, lakini hakuwahi kukaa kwenye kiti hicho. Moyo wake ulikuwa na tatizo la muda mrefu, na miaka saba kabla alikuwa amebadilishiwa vali. Tarehe 16 Oktoba 1998 alifariki Los Angeles kwa matatizo yaliyofuata upasuaji wa moyo. Alikuwa na miaka 55.

Alichoacha

Waliomfahamu wanamkumbuka kwa ndevu ndefu, makubazi miguuni, na mapenzi ya kutembea kwa miguu kwenye milima ya Sierra Nevada. Hakutafuta utajiri kwa kazi yake, ingawa mtu aliyegawa namba na majina ya dunia nzima angeweza kupata nafasi za kutosha.

Chama cha kimataifa cha intaneti kilianzisha tuzo yenye jina lake. Mwaka 2007 ilikwenda kwa Nii Quaynor wa Ghana, kwa kazi yake ya kueneza intaneti barani Afrika.

Mwaka uleule aliofariki, watengenezaji wa programu walianza kutumia XML-RPC, njia ya kuita kazi za mbali kwa kupitia milango ileile ya kurasa za wavuti. Ombi liliandikwa kwa maandishi yanayosomeka hata na binadamu: jina la kazi, vinavyohitajika, jibu. Njia nyingine nyingi zimekuja baada yake, nyingi zikiwa na umbo lilelile la waraka wa 1974.

Na swali la mwaka 1975 bado lipo palepale. Kwa hiyo usiku mtandao utakapokata katikati ya malipo, usikimbilie kubonyeza. Ombi lako limeondoka, na huenda limeshafanyiwa kazi. Angalia salio, tazama orodha ya miamala, tunza namba ya muamala kama ipo, halafu ndipo uamue. Ukiwa na swali jingine, lete studioni.